Kijiji cha Tajiri wa Meli

Wageni wanaopita Fortingall, parokia ya mashambani katika Perthshire, Uskoti, huziangalia zile nyumba za matete wakadhani zipo tangu enzi za mababu. Paa nene limeshuka hadi kwenye madirisha, kuta ni nyeupe, maua mbele ya mlango. Kumbe ujenzi wake ulianza 1889. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyokamilika 1883, ina umri mkubwa kuliko hizo.

Aliyetoa fedha ni Sir Donald Currie, mzaliwa wa Greenock, mwenye meli za Castle Line zilizobeba barua na abiria kwenda Afrika Kusini. Alinunua ardhi ya Garth, kisha mwaka 1885 akanunua na Glenlyon. Meli zake alizipa majina ya ngome, na mojawapo, Garth Castle, ilikuwa na jina la mnara wa kale uliopo mle mle parokiani. Wapenzi wa raga wa Afrika Kusini wanamjua kwa kombe alilolitoa 1891, wakati ambapo kijiji chake kilikuwa bado kinajengwa upya.

Wazee wa Mombasa nao wanazijua meli hizo, ila kwa jina la Union-Castle, lililopatikana kampuni mbili zilipoungana mwaka 1900. Miaka ya hamsini Kenya Castle na Braemar Castle zilikuwa zikiizunguka Afrika nzima, na Kilindini zilitia nanga. Marehemu baba alikuwa kuli pale. Alizitambua kwa mbali kwa rangi yake ya zambarau iliyopauka na dohani nyekundu yenye kichwa cheusi. Sisemi jasho lake ndilo lililojenga Fortingall; Currie alifariki 1909, baba hajazaliwa. Lakini kila nikipita Fortingall humkumbuka.

Mimi ni fundi wa chokaa, kwa hiyo jicho langu huenda ukutani kwanza. Msanifu wa nyumba hizo, James MacLaren, alichukua paa la matete kama la wakulima wa kusini mwa Uingereza, akaliweka kwenye kuta za Kiskoti. Alifariki 1890, umri miaka 37, na kazi ikaendelezwa na wenzake Dunn na Watson. Waskoti wana lipu yao ambayo haipakwi, hurushwa: chokaa huchanganywa na kokoto ndogo ndogo, fundi akachota kwa mwiko na kuutupa mchanganyiko ukutani kwa mkono uliolegea kidogo, upande mmoja hadi mwingine bila kupumzika, maana akisimama katikati mshono utaonekana maisha yote. Ukuta unabaki na vipele, na mvua hudondoka juu yake bila kuingia. Shida huanza mtu anapoziba ukuta wa zamani kwa saruji. Maji yakishapenya hayana pa kutokea, na jiwe linaoza ndani kwa ndani. Mji wa Kale wa Mombasa tumeyaona hayo hayo kwenye kuta za matumbawe.

Hapo ndipo sheria inaposaidia. Majengo ya urithi Uskoti yamepangwa katika daraja A, B na C. Orodha inatunzwa na Historic Environment Scotland, na kibali cha mabadiliko yanayogusa sifa za jengo kinaombwa kwa halmashauri. Ulinzi hauishii kwenye sura ya mbele: ngazi, milango na dari za ndani zimo. Ukigeuza bila kibali ni kosa la jinai. Wenye nyumba hulalamika, hasa dirisha likivuja na baridi ile, na siwalaumu. Lakini sheria ina mipaka. Mwaka 2017 mwizi aliingia katika kanisa la Fortingall akaiba kengele ya mkono ya karne za mwanzo za Ukristo nchini Uskoti, iliyokuwa imehifadhiwa nyuma ya nondo. Hata mti wa kale ulio uani mwa kanisa hilo, unaokisiwa kuwa na miaka 2,000 au zaidi, umelindwa kwa ukuta tangu 1785 kwa sababu wageni walikuwa wakiukata vipande kuwa kumbukumbu.

Na nyumba zilizokuwapo kabla ya Currie? Watu waliokaa humo walizungumza Kigaeli. Mwanzoni mwa karne ya 16 James MacGregor, kasisi wa Fortingall, alikusanya mashairi ya lugha hiyo katika kitabu kinachojulikana kama Book of the Dean of Lismore, na kitabu kipo mpaka leo. Lakini vibanda vya wapangaji vilipisha nyumba za tajiri, wala havikupata bahati ya kuingia kwenye orodha yoyote. Sitaki nyumba za MacLaren ziguswe. Kazi yake ni safi, na nitaitetea mbele ya mtu yeyote mwenye ndoo ya saruji. Ila wanaowatembeza wageni waache kuziita nyumba za wakulima wa kale. Waseme ni za mwenye meli, na zilisimama mahali pa za nani.