Nyota Nyekundu

Mwaka 1976, nikiwa mwalimu kijana niliyetoka chuo cha ualimu miaka miwili tu kabla, nilimchapa mtoto viboko viwili kwa sababu ya nyota. Lilikuwa darasa la sita, katika shule moja ya msingi ya pwani ya kusini, na kipindi kilikuwa cha sayansi. Nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba nyota zote zina mwanga mweupe. Binti mmoja wa mvuvi akanyoosha mkono, akasema, "Mwalimu, iko moja nyekundu, karibu na zile tatu zilizojipanga." Darasa likacheka, nami nikaona nimevunjiwa heshima. Kitabu changu kilikuwa na picha za wino mweusi, na ndani yake kila nyota ilikuwa nukta nyeupe. Kwangu mimi hilo lilitosha kuwa ushahidi.

Usiku ule sikutoka nje kutazama. Nilikuja kutazama karibu mwaka mzima baadaye, nikiwa nimekwisha kuhamishwa, nikaiona: nyekundu kama kaa la moto linaloonekana kwa mbali. Jina lake katika vitabu ni Betelgeuse, na asili ya jina hilo ni Kiarabu. Mabaharia wa pwani yetu waliitazama nyota hiyo karne nyingi kabla ya mimi kushika chaki.

Msomaji wangu atauliza kisa hiki kinahusiana nini na tovuti za sayansi, maana hizo ndizo nilizokusudia kuzieleza. Kinahusiana sana. Nilipostaafu na kuanza kuzitazama pamoja na wajukuu, nilijikuta kila mara nikimkumbuka binti yule.

Tovuti za mwanzo zilifundisha kama nilivyofundisha mimi: mjuzi anaonyesha, wengine wanapokea. Mfano mzuri ni ule ulioanzishwa tarehe 16 Juni 1995 na wanaastronomia wawili wa Marekani, Robert Nemiroff na Jerry Bonnell. Walitoa picha moja ya anga kila siku pamoja na maelezo mafupi. Siku ya kwanza ukurasa wao ulifunguliwa mara 14 tu. Baadaye ukapendwa duniani kote. Ni kazi njema, nami nimejifunza mengi humo. Lakini mtazamaji hakuombwa chochote.

Mabadiliko yalikuja Julai 2007, katika Chuo Kikuu cha Oxford, nayo yalizaliwa na uchovu. Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, Kevin Schawinski, alikuwa akizichambua picha za galaksi, yaani yale makundi makubwa mno ya nyota, ili azitenge kwa maumbo: zilizo kama yai upande huu, zenye mikono iliyojisokota upande ule. Kompyuta za wakati ule hazikuifanya kazi hiyo vizuri kama jicho la mtu. Kwa wiki moja alipitia picha kama 50,000, na mbele yake zilikuwa zimebaki nyingine zikikaribia milioni moja, zilizopigwa na darubini iliyoko New Mexico. Yeye na mwenzake Chris Lintott wakaamua kuziweka hadharani na kuomba msaada wa yeyote mwenye macho. Tovuti wakaiita Galaxy Zoo. Katika mwaka wa kwanza watu karibu 150,000 walitoa majibu zaidi ya milioni 50.

Miongoni mwao alikuwamo mwalimu wa shule kutoka Uholanzi, Hanny van Arkel. Agosti 2007 aliona doa la buluu chini ya galaksi moja, akauliza swali la kawaida kabisa: hiki ni kitu gani? Wataalamu wangeweza kumjibu kwamba ni kasoro ya picha. Hawakufanya hivyo, bali waligeuza darubini zao upande ule. Walikuta wingu la gesi lenye ukubwa unaokaribia galaksi yetu nzima, liking'aa kwa mwanga uliotoka katika kitovu cha galaksi jirani, ambacho chenyewe kilikuwa kimekwisha kufifia. Wingu lile likapewa jina lake, kwa Kiholanzi "kitu cha Hanny", na taarifa ya kitaalamu iliyotoka mwaka 2009 ilimtaja miongoni mwa waandishi wake.

Nilipokisoma kisa hicho mara ya kwanza, niliifunga kompyuta nikaenda kukaa barazani. Mwalimu yule aliuliza swali akapewa jina angani. Wangu alipewa viboko.

Desemba 2012 mpango wa namna hiyo ulifika kwetu. Mtafiti Ali Swanson wa Chuo Kikuu cha Minnesota alikuwa ametega kamera 225 katika Serengeti tangu mwaka 2010, katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Kamera hizo hujipiga zenyewe zikihisi joto na mwendo. Matatizo hayakukosekana: nyasi zikitikiswa na upepo kwenye jua kali nazo hupigwa picha, na tembo na fisi hawakuziheshimu kamera za watu. Picha zikajaa mno, zikawekwa kwenye tovuti ili umma uwataje wanyama. Siku tatu za kwanza zilitosha kumaliza limbikizo la miezi 18. Kila picha ilionyeshwa kwa watu wengi, na jibu la wengi ndilo lililochukuliwa. Walipolinganishwa na mabingwa, umma ulikuwa umepatia aina ya mnyama kwa asilimia 96.6.

Likizo ya mwaka 2013 mjukuu wangu wa miaka tisa alinikalisha mbele ya picha hizo. Ukurasa tulioufungua ulikuwa wa Kiingereza, jambo lililonikera, maana wanyama hawa wana majina yao: nyumbu, nyamera, kongoni, pofu. Basi yeye akibonyeza, mimi nikitaja. Ikaja picha ya swala mwenye mstari mweusi ubavuni. Nikasema, "Swala tomi. Bonyeza."

Hakubonyeza. "Babu, tazama juu ya mkia. Weupe umepanda mpaka mgongoni. Huyu ni swala granti."

Nilihisi joto lile lile la mwaka 1976 likinipanda shingoni, nikiwa mzee wa miaka sitini na ushei! Nikavaa miwani. Weupe ulikuwa umepanda kweli. Kumbe granti akiwa mdogo naye huwa na mstari mweusi. Tovuti haikutuambia nani kapatia. Ilipokea jibu, ikaleta picha nyingine.

Mwishoni mwa 2019 mjukuu huyo huyo alisoma mtandaoni kwamba Betelgeuse inafifia. Ilifikia kiwango cha chini kabisa Februari 2020, na baadaye wanaastronomia wakaeleza kwamba nyota hiyo ilitapika gesi iliyogeuka vumbi na kuuziba mwanga wake. Tulikuwa tukitoka uani karibu kila usiku, yeye akiilinganisha na nyota za jirani na kuandika katika daftari. Nilimsimulia habari za yule binti. Akaniuliza jina lake nani. Nilimtajia.