M.A.R. Barker, mwandishi wa historia ya nchi isiyokuwako

Mwaka 1975 kampuni ya TSR ya Marekani, iliyokuwa imetoa Dungeons & Dragons mwaka uliotangulia, ilichapisha mchezo mwingine wa aina hiyo ulioitwa Empire of the Petal Throne, yaani Dola ya Kiti cha Petali. Ifahamike kwamba katika michezo ya namna hii watu huketi mezani, kila mmoja akavaa nafsi ya mtu wa kubuni na kusema kwa kinywa chake. Msimamizi huwaeleza wanachokiona na kukutana nacho, na dadu huamua mengi yaliyobaki. Aliyeutunga mchezo huo wa 1975 alikuwa mwanaisimu, mwalimu wa Kiurdu na wa elimu za Asia ya Kusini katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Jina lake lilikuwa Muhammad Abd-al-Rahman Barker. Dunia ya mchezo wake, Tékumel, alikuwa ameanza kuiwaza tangu utotoni, naye aliendelea kuiandikia historia hadi uzeeni: mwaka 2002 na 2003, akiwa amekwisha pita miaka sabini, alitoa riwaya tatu zaidi juu yake.

Kazi hiyo haieleweki vema bila kutazama kwanza kazi nyingine ya mtu huyo huyo. Barker alizaliwa mwaka 1929 huko Spokane, katika jimbo la Washington. Mwaka 1951 alikwenda India kwa masomo, na huko akasilimu. Aliporudi Marekani alijiunga na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na katikati ya miaka ya 1950 akakaa na Waklamath wa Oregon ili kujifunza lugha yao. Wakati huo ulikuwa mchungu kwa watu hao. Sheria ya 1954 ilikuwa imeamua kwamba serikali haitawatambua tena kuwa kabila, na kwamba ardhi waliyotengewa itavunjwa. Kutambuliwa kulirudishwa mwaka 1986 tu. Katika hali hiyo kijana mgeni alisikiliza wazee na kuandika maneno yao. Matini na kamusi zilitoka mwaka 1963, sarufi mwaka 1964. Msemaji wa mwisho aliyeimudu Kiklamath kama lugha ya utotoni alifariki mwaka 2003. Ni vigumu kutaja kazi ya isimu iliyofanywa kwa wakati kuliko hiyo.

Tékumel inasimuliwa hivi. Makumi ya maelfu ya miaka baada ya wakati wetu, wanadamu waliifikia sayari hiyo kwa vyombo vya angani, wakaigeuza hewa na udongo wake ili uwafae, na wenyeji wake wasio wanadamu wakafungiwa katika maeneo ya kutengwa. Msomaji anayeijua Oregon ya 1954 atasita hapo kidogo. Kisha siku moja nyota zote zikatoweka: sayari ilitumbukia katika ulimwengu wa peke yake, na hakuna meli iliyofika tena. Madini yalikuwa haba, mitambo ikaharibika, wenyeji wakainuka, elimu ikageuka uchawi na ukuhani. Milki zikafuatana, kila moja ikidai urithi wa ile iliyoitangulia, hata ikazaliwa dola ya Tsolyánu, ambayo kaizari wake hufungiwa ndani ya ngome ya Avanthár asitoke tena maisha yake yote.

Katika Tsolyánu kuna desturi iitwayo ditlána. Kila baada ya miaka 500 hivi mji hubomolewa kwa makusudi na mji mpya kujengwa juu ya ule wa kale, huku vyumba vya chini na makaburi vikiachwa vilivyo. Kwa wachezaji desturi hii ilikuwa na faida iliyo wazi, kwa kuwa ilieleza kwa nini chini ya kila mji pana mapango yenye hazina na hatari. Kwa mwanahistoria ina maana zaidi. Anayeshuka ngazi anashuka karne. Maandishi anayoyakuta ukutani yameandikwa kwa lugha mama ya lugha anayoisema, na asiyejifunza lugha hiyo ya kale hataelewa amesimama wapi. Barker hakuwapa wachezaji wake historia iliyosafishwa. Aliwapa tabaka, mapengo, na makuhani wa mahekalu mbalimbali wakisimulia tukio moja kwa namna zisizopatana.

Lugha ya dola hiyo, Kitsolyáni, aliitolea kitabu mwaka 1978. Ndani yake zimo athari za Kiurdu, Kipashto, Kimaya na Kinahuatl. Neno la kumwambia mtu "wewe" lina maumbo mengi, kwa kadiri ya cheo cha asemaye na cha aambiwaye. Mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye heshima huibeba kwa kutaja Baba, Mama au Mzee mbele ya kitenzi, anaweza kucheka. Lakini mchezaji aliyekosea umbo moja mbele ya mkuu wa mji alijuta. Tena yale waliyoyatenda wachezaji nyumbani kwa profesa, wiki baada ya wiki, vita walivyoshinda na ahadi walizovunja, yaliingia katika kumbukumbu za dola.

Barker alifariki mwaka 2012, akiwa na miaka 82. Miaka kumi baadaye, Machi 2022, taasisi inayohifadhi urithi wa Tékumel ilithibitisha hadharani kwamba mwaka 1991 alichapisha, kwa jina la bandia, riwaya ya kuwatukuza Wanazi iitwayo Serpent's Walk. Ilithibitisha pia kwamba kwa miaka mingi jina lake lilikuwa katika kamati ya ushauri ya Journal of Historical Review, jarida lililojiita la historia huku kazi yake ikiwa ni kukanusha mauaji ya halaiki ya Wayahudi. Taasisi iliomba radhi kwa kuwa ilinyamaza.

Wapo waliosema kwamba mambo hayo mawili hayahusiani, kwamba mchezo ni mchezo. Hoja hiyo ni dhaifu. Mtu aliyeketi na wazee wa Klamath alijua neno la shahidi lina uzito gani, na kwamba likikosa kuandikwa linapotea. Hata katika nchi ya kubuni hakukubali ukuta usio na mwanzo wala mfalme asiye na mtangulizi. Kwa hiyo hawezi kutetewa kwa kutojua. Ushahidi alioudai kwa ajili ya Avanthár, mahali pasipokuwapo, hakuudai kwa ajili ya Auschwitz.

Wengine wamevitupa vitabu vyake vyote, na uchungu wao unaeleweka, hasa kwa wale waliocheza naye miaka mingi pasipo kujua. Lakini si vyote vilivyo vyake. Matini za 1963 zina sauti za wazee ambao hawakuandika riwaya yoyote, na Mklamath anayetaka leo kuisoma lugha ya bibi yake bado hukutana na jina la Barker juu ya jalada.