Kuchuchumaa ni Mchezo?

Dodoso la KOOS, ambalo Ewa Roos na wenzake wa Uswidi na Marekani walilichapisha mwaka 1998, lina maswali 42 kwa mtu mwenye goti bovu au lililofanyiwa upasuaji. Maswali hayo yamegawanywa katika mafungu matano, na kila fungu lina alama zake, kuanzia 0 hadi 100. Fungu la shughuli za kila siku linauliza kuhusu kupanda ngazi, kuvaa soksi, kuingia na kutoka kwenye gari, kuingia na kutoka kwenye hodhi la kuogea. Kuchuchumaa na kupiga magoti hayamo humo. Yamewekwa katika fungu la michezo na burudani, pamoja na kukimbia na kuruka.

Kwa Mswidi mpangilio huu hauna kasoro. Mtu anayeishi juu ya viti, kitanda kirefu na choo cha kukalia anaweza kumaliza mwezi bila kuchuchumaa, na goti lake likikataa kukunjika hadi mwisho hapati hasara kubwa.

Waitalia walipata toleo lao mwaka 2012, kazi ya Marco Monticone na wenzake. Kazi ya namna hii ina utaratibu wake, ule uliochapishwa na Dorcas Beaton na wenzake mwaka 2000: wafasiri wawili hufanya kazi kila mmoja peke yake, matini zao huunganishwa, wengine wawili huirudisha katika lugha ya asili bila kuiona ile ya kwanza, kamati ya wataalamu huamua, kisha toleo hujaribiwa kwa watu 30 hadi 40. Kwa Italia safari ilikuwa fupi. Roma na Stockholm hutofautiana kwa chakula na hali ya hewa, si kwa urefu wa choo. Na pale maisha yalipotofautiana, Waitalia hawakuogopa kubadili. Dodoso la Kimarekani la SF-36, linalopima afya kwa jumla, hutaja gofu na mchezo wa kuangusha pini kama mifano ya shughuli za wastani. Toleo la Kiitalia lina bocce, mchezo wa kuviringisha mipira unaopendwa na wazee wao, na kuzunguka kidogo kwa baiskeli.

Sasa lilete dodoso la KOOS Igawa, wilayani Mbarali, kwenye barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma, katika nchi ya mpunga ya Usangu. Mama wa hapa hupandikiza miche ndani ya jaruba, ameinama, akichomoa mguu mmoja baada ya mwingine kwenye tope. Nyumbani hupikia mafigani akiwa amekaa kwenye kigoda. Choo ni cha shimo. Ndoo ya lita 20 huanzia chini na kuishia kichwani. Na katika nyanda hizi, kwa Wahehe na Wabena hasa, mwanamke humpigia goti mkubwa wake anapomwamkia.

Mfasirie mama huyu KOOS bila kosa hata moja, bado litampotosha daktari wake. Soksi hazivai na hodhi hana. Kanuni ya KOOS inaruhusu maswali yasiyojibiwa kuachwa, na wastani ukokotolewe kwa yaliyobaki, mradi nusu ya fungu imejibiwa. Basi anaweza kutoka na alama nzuri za maisha ya kila siku ilhali hawezi kurudi jarubani. Swali la choo lingeweza kumfichua, lakini hilo ni moja kati ya 17.

Kipimo kingine cha Kiswidi, cha Tegner na Lysholm cha mwaka 1985, kinafundisha zaidi. Ngazi zake za shughuli ni 0 hadi 10. Juu kabisa yupo mchezaji wa mpira wa kiwango cha taifa, na huyo ni yuleyule Stockholm au Dar es Salaam. Ngazi ya 5 inataja kazi nzito kama ujenzi na misitu. Hapo mkata miti wa Sao Hill, Mufindi, anajiona kwa urahisi kuliko karani wa Roma. Lakini sifuri ni mtu aliye kwenye likizo ya ugonjwa au pensheni ya ulemavu kwa sababu ya goti. Mkulima wa Igawa hana mwajiri wa kumpa likizo. Goti likifa, ataenda shambani na fimbo, na kipimo kitamhesabu kuwa mzima kuliko Mswidi aliyelala nyumbani kwa haki yake.

Tanzania si ngeni katika kazi hii. SF-36 ya Kiswahili ilijaribiwa Dar es Salaam kwa watu wazima zaidi ya 3,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Ila kwa wengi wetu dodoso husomwa na mhoji, si kujazwa kwa kalamu, na sisi tukiulizwa hali na mgeni hujibu "nzuri" kwanza, maumivu baadaye.

Wajapani walichukua njia yao. Mwaka 2005 walichapisha dodoso lao la goti, JKOM, lenye maswali 25, kwa kuzingatia maisha yao wenyewe. Walipata kinachowafaa, na wakapoteza urahisi wa kulinganisha magoti yao na ya wengine. Waitalia wameubakiza urahisi huo kwa sababu haukuwagharimu kitu.

Mimi nisingeiga upande wowote kikamilifu. Yabaki maswali 42 kama yalivyo, ili taasisi ya mifupa ya Muhimbili (MOI) na hospitali ya Mbeya ziweze kujilinganisha na Roma. Liongezwe fungu la sita, la shamba na nyumba, lenye alama zake: jaruba, ndoo, kigoda, choo cha shimo, salamu. Lijaribiwe Mbarali msimu wa kupandikiza, na anayeyasoma maswali awe mtu ambaye mama huyo hataona haya kumweleza habari za choo.