Haki au Fadhila: Mwenendo wa Ujira wa Watumishi wa Umma, Ukitazamwa kutoka Likasi

Mtu atakaye kuifahamu hali ya ujira wa watumishi wa umma katika Kongo hana lazima ya kuanza na makadirio ya fedha yanayotungwa Kinshasa. Na autazame kwanza mji wa Likasi, ulio yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, mji ambao tangu ulipokuwa ukiitwa Jadotville umeishi kwa mshahara wa mwezi, ukaufanya mshahara huo kuwa kipimo cha heshima ya mtu, cha mahari atakayotoa, cha elimu ya wanawe na cha nyumba atakayozeekea. Maoni ya makala haya ni kwamba dhuluma iliyompata mtumishi wa umma katika nchi hii si uchache wa fedha peke yake, bali ni kule kugeuzwa kwa ujira wake, hatua kwa hatua, kutoka haki iliyoandikwa mpaka kuwa fadhila itolewayo na kuzuiliwa kwa hiari ya mtoaji. Na kwamba tengenezo lolote linaloongeza kiasi pasipo kuirejesha haki hiyo halitadumu.

Posho ya kampuni

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na kwa muda wa miaka ya mwanzo iliwatumia watu waliokusanywa kutoka mbali kwa mikataba ya miezi michache, watu waliokuja wakiwa wapweke, wakaugua, wakafa au wakarudi kwao. Gharama ya mtindo huo ilipozidi, kampuni iligeuza shauri katika miaka ya mwisho ya 1920, na kwa uongozi wa Daktari Léopold Mottoulle ikaanza kuwaweka wafanya kazi pamoja na wake zao na watoto wao, kwa mikataba ya miaka mitatu, katika kambi zilizokuwa na nyumba, posho ya unga, hospitali, mahali pa kujifungulia na shule za mapadri. Hivyo katika Panda na Shituru, kambi za Likasi, mshahara wa fedha ukawa sehemu moja tu ya ujira. Sehemu iliyobaki ililiwa, ikalaliwa, ikatibiwa na kusomeshwa.

Wako wanaoukumbuka mpango huo kwa huzuni ya mtu aliyepotewa na mzazi, wala hatuwalaumu, kwa maana waliyoyaona baadaye yalikuwa maovu zaidi. Walakini insafu yatutaka tuseme kwamba mpango huo haukutoka katika huruma: kampuni ilihitaji mikono iliyozoea kazi, na kila jema ililolitoa lilikuja na jicho la kumlinda mtu nyumbani mwake, hata aliyefukuzwa kazi alifukuzwa na nyumba siku hiyo hiyo. Wafanya kazi wenyewe walilijua jambo hili. Mwezi wa Desemba 1941, wakati bei za vitu zilipopanda kwa sababu ya vita, watu wa Panda na Shituru waliweka kazi chini wakidai nyongeza ya mshahara. Na tarehe 9 ya mwezi huo, mgomo ulipofika Lubumbashi, askari waliwafyatulia risasi wagomaji katika uwanja wa mpira, wakauawa wengi, miongoni mwao Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao. Watu wasiokosa posho walikufa kwa kudai sauti katika kupimwa kwa ujira wao. Na hilo ndilo somo la kwanza ambalo Likasi imelifundisha taifa, ya kwamba marupurupu yasiyo na sauti ya anayeyapokea hayajawa haki.

Mwanzoni mwa mwaka 1967 serikali iliitwaa kampuni hiyo, ikawa mali ya umma, na baadaye ikajulikana kwa jina la Gécamines. Mwajiri mpya aliurithi mpango wa zamani pamoja na nyumba zake, unga wake na hospitali yake ya Panda, na kwa muda wa miaka ishirini hivi mtumishi wa shirika aliishi maisha ambayo mwalimu na karani wa serikali, walioishi jirani naye katika Kikula, waliyatazama kwa kutamani. Tangu hapo zilikuwako daraja mbili za watumishi wa umma katika mji mmoja, na tofauti baina yao haikutokana na elimu wala urefu wa utumishi, bali na mlango aliopitia mtu siku ya kuandikwa kazi.

Mporomoko

Shirika lililotoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 liliporomoka kwa kasi ambayo hakuna mtumishi aliyeiwekea akiba. Mitambo haikutengenezwa, fedha za mauzo zilitumiwa kwa mambo yasiyokuwa ya shirika, mgodi wa Kamoto ukabomoka Septemba 1990, na mwaka 1992 watu wenye asili ya Kasai, waliokuwa sehemu kubwa ya mafundi na walimu wa Likasi, wakafukuzwa katika nyumba zao kwa uchochezi wa siasa, wakarundikana katika stesheni wakingoja treni. Kufikia mwaka 1994 shaba ilikuwa imeshuka mpaka tani 30,000 hivi. Mishahara ilianza kuchelewa, kisha ikakatika. Posho ikapungua, kisha ikakoma. Na kwa kuwa matibabu na shule vilifungamana na kazi, nyumba iliyokosa mshahara ilikosa dawa na karo kwa wakati mmoja.

Mwaka 2003, kwa fedha za Banki ya Dunia, zaidi ya watumishi 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wakapewa kiasi cha fedha kwa mkupuo mmoja badala ya malimbikizo ya mishahara na haki za mwisho wa kazi. Hiari ya mtu ambaye hajalipwa kwa miezi mingi ni hiari ya namna gani, msomaji ataamua mwenyewe. Lililo dhahiri ni kwamba haki zilizochumwa kwa miaka mingi, yaani nyumba, tiba, elimu ya watoto na malipo ya uzeeni, zilihesabiwa na upande mmoja, zikafungwa katika bahasha moja, nao waliozipokea hawakuwa na hakimu wa kuwasikiliza kabla ya kutia sahihi.

Mtumishi wa ofisi na wa darasa

Mambo ya serikali yenyewe yalipita njia nyingine, yakafikia mwisho ule ule. Wabelgiji walichelewa mpaka mwaka 1959 kuweka sheria moja ya utumishi kwa wazungu na Waafrika, na siku ya uhuru Wakongo waliokuwa na vyeo vya juu kabisa, katika maelfu ya nafasi zilizokuwako, walikuwa watatu tu. Vyeo vikajazwa upesi, lakini thamani ya mshahara haikulindwa. Mwaka 1993 fedha ya nchi iligeuzwa, zaire mpya moja ikabadilishwa kwa zaire za zamani milioni tatu, na mwaka uliofuata bei zilipanda kwa maelfu ya asilimia, hata mshahara wa mwezi haukutosha kununua gunia la unga. Walimu ndio waliopata taabu iliyo kubwa: serikali ilipoacha kuwalipa ipasavyo, wazazi walikubali, kwa uongozi wa makanisa, kuwachangia fedha zilizoitwa primu ya motisha, na lile lililowekwa kama dawa ya muda likadumu zaidi ya miaka ishirini na mitano, mpaka serikali ilipoanza mwaka 2019 kutekeleza kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinachoamuru elimu ya msingi itolewe bure. Wazazi wakapumua, lakini walimu ambao hawajaingizwa katika orodha ya malipo, nao hufundisha kila siku kama wenzao, wakabaki pasipo mchango wa mzazi wala mshahara wa serikali.

Si kwamba ahadi zilikosekana. Februari 2004, katika mapatano ya Mbudi, serikali na vyama vya watumishi vilikubaliana kwamba mtumishi wa daraja la chini kabisa apate dola 208 kwa mwezi, na katibu mkuu dola 2,080, yaani mara kumi, na si zaidi. Mapatano hayo hayakutekelezwa kama yalivyoandikwa. Mwaka 2011 ulianza mpango wa kuwalipa watumishi kwa njia ya banki, jambo jema lililopunguza wizi wa wale waliokuwa wakibeba fedha katika mifuko. Illa banki hulipa kila jina lililo katika orodha, na mwaka 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha ulitangaza kuwa namba za utumishi zaidi ya 145,000 zilikuwa si sahihi.

Ubaya wa primu

Kiini cha shauri letu kimo hapa. Serikali iliposhindwa kupandisha mshahara wa msingi, ilizoea kuongeza primu juu yake: ya kudumu, ya ofisi, ya hatari, na nyinginezo, hata aghlabu nyongeza zikaushinda mshahara wenyewe. Kwa nje mtu ameongezewa, na mwenye njaa hauulizi mkate jina lake. Lakini tukiyapima mambo kwa makini tutaona madhara matatu. La kwanza, primu haina usawa, kwa kuwa wanaokusanya kodi na ushuru hupata fungu katika wanayoyakusanya, ilhali mwuguzi na mwalimu hawana cha kugawana. La pili, primu humweka mtumishi chini ya hisani ya mkubwa wake, ambaye aweza kuliondoa jina lake pasipo kumfukuza. La tatu, nalo ni kubwa kuliko yote, malipo ya uzeeni yalizoeleka kukadiriwa kwa mshahara wa msingi, basi mzee akistaafu hurejea kwenye kiasi kidogo ambacho hakuishi nacho hata alipokuwa kazini. Ndiyo sababu wazee wang'ang'ania madawati, na vijana waliohitimu hawapati nafasi.

Watajibu wenye hazina kwamba fedha hazipo, na kwamba nyongeza ya ghafla itapandisha bei. Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Faranga 900 na kitu zilitosha kwa dola moja mnamo 2013, nazo zilipindukia 2,500 mwishoni mwa 2023, ilhali wenye nyumba mjini Likasi hutaja kodi kwa dola. Lakini jibu lao lahusu kiasi, nasi twauliza juu ya haki. Kuigeuza primu iwe mshahara hakuhitaji fedha mpya zote kwa mara moja; kwahitaji sheria, orodha safi na mpango wa miaka. Jirani zetu wamejaribu: Kenya, kwa Katiba ya 2010, iliunda tume ya kupanga mishahara ya watumishi wa umma, na Tanzania mwaka 2018 iliunganisha mifuko ya pensheni ya umma kuwa mmoja. Kongo nayo iliunda mwaka 2015 mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa serikali, CNSSAP, na sheria ya utumishi ya Julai 2016 yazitaja haki za mtumishi kwa uwazi. Msingi upo, kilichosalia ni kuujengea.

Basi twaomba mambo matatu, nayo twawaelekea wabunge wa Haut-Katanga, vyama vya watumishi na wizara zinazohusika: primu ziingizwe katika mshahara wa msingi kwa ratiba iliyotangazwa, zikatwe mchango wa uzeeni na kuhesabiwa humo, uwiano baina ya cheo cha chini na cha juu uwekwe katika sheria, kama ulivyokubaliwa Mbudi, na mwalimu yeyote anayefundisha katika shule inayotambuliwa aingizwe katika orodha ndani ya mwaka mmoja wa kuanza kazi. Likasi imekwisha kuona posho bila sauti, shirika bila akiba, na ahadi bila utekelezaji. Serikali inayomlipa mtumishi wake kwa fadhila haiwezi kumdai uaminifu kwa haki.