Shikio la Akiba

Karibu na mwaka 985, al-Muqaddasi, mwanajiografia wa Baitulmukadasi, alipoeleza safari za Bahari ya Shamu iliyojaa miamba, alimtaja nahodha aliyekaa juu akiyachungua maji, na mshika shikio mwenye kamba mbili mkononi, ambaye kwa ukelele mmoja huvuta upande wa kuume au wa kushoto. Kamba hizo ndizo ujari wa mabaharia wetu. Na katika pwani ya Mzizima, tangu Kunduchi na Msasani hata Mtoni na Kigamboni, vyombo vikubwa viliendeshwa kwa ujari, na vidogo kwa kana iliyoshikwa mkononi.

Ama akiba ya shikio haikuwa jambo la kununuliwa. Shikio likivunjika au likichomoka katika fashini, tanga lilitushwa, kasia likatolewa tezini, na chombo kikarejea pole pole. Maana kasia halikuhusiana na shikio kwa msumari wala kwa kamba, na kilichoharibu hili hakikuweza kuliharibu lile.

Ilipokuja mashine ya kufungwa tezini, ambayo Ole Evinrude alianza kuiuza Marekani mwaka 1909, shikio na nguvu ya kusukuma vilikuwa kitu kimoja, na mvuvi aliyeizoea kana hakupata taabu kuushika mpini wake. Taabu ilizidi zilipofungwa mashine mbili nzito katika boti za faiba za Msasani, ambazo mkono wa mtu hauzigeuzi kwa raha bahari ikichafuka. Ndipo usukani ukawa gurudumu lenye pampu ya mafuta na mipira miembamba ipitayo ubavuni, na pampu ya umeme ikaongezwa kuupa mkono nguvu. Umeme ukikatika gurudumu huwa zito lakini hugeuka. Bali mpira ukipasuka mafuta yakamwagika, gurudumu huzunguka bure, na mwenye boti anayejisifia pampu mbili zinazonywa katika mpira mmoja hana akiba yoyote, ingawa amelipa bei ya akiba.

Ulimwengu ulilipa ada kubwa kwa somo hili. Tarehe 16 Machi 1978 meli Amoco Cadiz, iliyotoka Ghuba ya Uajemi ikiwa imebeba tani zipatazo 220,000 za mafuta ghafi, ilipotewa na usukani karibu na pwani ya Brittany, Ufaransa. Pampu zake zilikuwa mbili, lakini boliti za kiungo cha bomba zilikatika, mafuta ya usukani yakavuja, na pampu zote mbili zikawa hazina kazi. Usiku ule ikapanda mwamba wa Portsall. Mwaka 1981 mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini ulirekebishwa, ili katika meli za mafuta hitilafu moja isiweze kuondoa usukani wote.

Mafundi wa boti ndogo hawahitaji mkataba ili kuifuata hekima hiyo. Fundi mwenye kuijua kazi huipa pampu ya pili betri yake, nyaya zake na mipira yake, akaipitisha ubavu wa pili wa boti. Huweka na chuma cha kuziunganisha mashine, ili moja ikivutwa nyingine ifuate. Kisha hufuta kila kiungo kwa kitambaa kikavu, akazungusha gurudumu mpaka mwisho wa kuume na mwisho wa kushoto, na kugusa viungo kwa kidole kutafuta unyevu wa mafuta, kwani tone dogo la leo ndilo litakalolegeza usukani mtu akiwa katikati ya visiwa vya Bongoyo na Mbudya.

Na hayo yote yakishindwa, maadamu mashine zimesimama sawa, nahodha huongeza moto wa kuume ili omo uende kushoto, na wa kushoto ili uende kuume, polepole sana, kama yule aliyevuta kamba mbili katika Bahari ya Shamu. Tofauti ni kwamba sasa mtazamaji na mvutaji ni mtu mmoja, na mkono wake hautoki katika vishikizo viwili vya moto mpaka boti iguse mchanga.