Mlango Kabla ya Bei: Makutano ya Nairobi Expressway na mjadala wa ada

Tarehe 1 Januari 2024 ada ya gari dogo kwenye Nairobi Expressway kutoka Mlolongo hadi Westlands ilipanda kutoka shilingi 360 hadi 500, na ile ya safari fupi kabisa kutoka 120 hadi 170. Ubishi uliozuka ulikuwa wa kutabirika. Wapinzani walisema barabara imefanywa ya wenye nazo. Watetezi wakajibu kwamba asiye na 500 anayo barabara ya chini, tena bure, na kila gari linalopanda juu linampunguzia msongamano. Makala hii inadai kwamba pande zote mbili zinakosea mahali pamoja. Zote zinaiona ada kuwa ndiyo chujio la watumiaji, ilhali mchujo ulikuwa umekwisha kufanyika kwenye mchoro, pale ilipoamuliwa magari yapandie wapi na yashukie wapi.

Kuhusu bei yenyewe sina la kubishania sana. Barabara hii ya takriban kilomita 27 ilijengwa na China Road and Bridge Corporation kwa mkataba wa ubia, ikaanza kutumiwa Mei 2022, na gharama zake zitarejeshwa kwa ada katika muda wa miaka 27. Deni ni la dola, mapato ni ya shilingi. Shilingi ilipopita 150 kwa dola mwishoni mwa 2023, ada ikapanda. Ilipopata nguvu na kurudi karibu 130 mwaka 2024, ada haikurudi ilikotoka. Mkataba unaomwachia msafiri hasara ya sarafu bila kumpa faida yake ni mkataba mbaya, na wengi wamelisema hilo vizuri kuliko nitakavyoweza.

Swali gumu ni la nadharia. Hoja ya watetezi, wajue au wasijue, ni ya Arthur Pigou. Katika kitabu chake cha uchumi wa ustawi cha 1920, Pigou aliwaza miji miwili iliyounganishwa na barabara mbili, moja nzuri lakini nyembamba, nyingine pana lakini mbovu. Ukitoza kodi kwenye ile nzuri, baadhi ya madereva watahamia mbovu, na hakuna atakayeumia. Frank Knight alimjibu mwaka 1924 kwamba kodi haihitajiki: barabara ikiwa na mmiliki binafsi, naye atatoza kiasi kile kile kwa faida yake mwenyewe. Vizazi vya wachumi vimegombana juu ya nani kati yao yuko sahihi. Mimi naona ugomvi huo umeficha walichokubaliana. Wote wawili walichukulia kwamba barabara hizo zinaanzia pamoja na kuishia pamoja, na kwamba kila msafiri anatoka mwisho mmoja kwenda mwingine. Katika mfano wao hakuna anayeshuka njiani.

Sasa tutazame Mombasa Road, hiyo barabara ya chini. Inaishi kwa watu wanaoshuka njiani: Cabanas, Imara Daima, General Motors, Bellevue, Nyayo. Makanga anaita, mmoja anashuka, mwingine anapanda, kiti kinauzwa tena. Juu, makutano yote kutoka mwanzo hadi mwisho ni takriban kumi, na ukiyapitia yale ya Mombasa Road utaona mengi yanahudumia nini: uwanja wa ndege wa JKIA, stesheni ya reli ya SGR ya Syokimau, Eastern Bypass, Southern Bypass. Yaani miundombinu inahudumia miundombinu mingine. Mfanyakazi wa kiwandani anayeshuka General Motors asubuhi hayumo katika orodha hiyo, na hangekuwamo hata ada ingekuwa shilingi 50.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha kwamba tatizo si bei. Tuchukulie matatu ya abiria 14 inatozwa sawa na gari dogo, safari nzima, shilingi 500. Kwa kila kichwa ni chini ya shilingi 36. Nyakati za msongamano, abiria wengi wangelipa nyongeza hiyo ili wafike mapema, na mwenye gari angepata muda wa kufanya safari ya ziada. Mbona basi matatu nyingi bado ziko chini? Kwa sababu juu kiti huuzwa mara moja tu. Faida ya matatu ya Nairobi haitokani na umbali bali na idadi ya watu wanaokalia kiti kimoja kati ya stendi na stendi. Barabara isiyo na mahali pa kushusha inamnyang'anya mwenye gari mauzo ya pili na ya tatu, na hakuna punguzo la ada linaloweza kumrudishia.

Nitaambiwa kwamba zipo matatu zinazopanda. Zipo, hasa zinazotoka Kitengela na Athi River, na abiria wake huongezwa nauli. Ila hizo ni zile zinazojaa stendini na kwenda moja kwa moja hadi mjini. Wasafiri wao ndio wale wa Pigou, wa mwisho hadi mwisho. Badala ya kuivunja hoja yangu, zinaonyesha mpaka wake uko wapi.

Pingamizi la wahandisi ni zito zaidi. Barabara ya juu ya nguzo, wanasema, haiwezi kuwa na mlango kila kilomita: kila njia ya kushukia inadai ardhi, na magari yanayojipenyeza kulia na kushoto yanapunguza kasi na kuleta ajali. Sikatai. Lakini mchoro huu haukuwa amri ya Mungu. Novemba 2020 mti mkongwe wa mugumo ulioko Waiyaki Way, uliokuwa umepangiwa kung'olewa, uliokolewa kwa amri ya rais na ujenzi ukaendelea. Nilifurahi kama wengine. Hata hivyo, mti ukisikilizwa, vituo vya matatu vilishindwa nini kusikilizwa? Njia hii hii ndiyo NAMATA, mamlaka ya usafiri wa jiji, iliyokuwa imeipangia mabasi ya mwendokasi ya mstari wa Ndovu, kutoka Limuru hadi Kitengela. Leo, kwa sehemu kubwa, katikati ya barabara ipo Expressway.

Kuna pia kibanda cha kutozea ada. Ada hapa hukokotolewa kwa umbali na kulipwa mlangoni pa kutokea, kwa kifaa cha kielektroniki, kadi au fedha taslimu. Kwa hiyo kila mlango mpya unataka vibanda, wafanyakazi na nafasi ya foleni, na foleni ya kutokea ikirefuka, anayekwenda mbali hunaswa pamoja na anayeshuka. Nashuku, ingawa mkataba ungehitaji kusomwa wote ili kulithibitisha, kwamba aina ya utozaji ilichangia uchache wa milango zaidi kuliko uhandisi ulivyochangia. Mtu atanitajia Gauteng, Afrika Kusini, ambako mitambo ya kusoma magari yakiwa yanakwenda iliondoa kabisa haja ya vibanda kuanzia Desemba 2013. Waendeshaji wengi waligoma kulipa hadi serikali ikaufuta mfumo huo Aprili 2024. Ni kweli, kibanda kinakusanya. Lakini Gauteng walitozwa kwenye barabara waliyokwisha kuizoea bila ada, jambo ambalo Nairobi halikutokea.

Litatokea Rironi hadi Mau Summit. Huko hakuna juu na chini: barabara ile ile ya kwenda Nakuru inapanuliwa, kisha itozwe. Tangu mradi uzinduliwe Novemba 2025 mjadala umeng'ang'ania shilingi 8 kwa kilomita, kana kwamba 6 ingekuwa haki na 10 dhuluma. Lakini muuza karoti wa Soko Mjinga, kando ya barabara hiyo, hapigi hesabu ya kilomita. Anachohitaji kujua ni iwapo lori la mnunuzi litaweza kutoka barabarani mbele ya meza yake na kurudi, na iwapo kati ya Gilgil na Naivasha, au Naivasha na Kinungi, patakuwa na kibanda kitakachomtoza jirani kwenda kwa jirani. Michoro ya milango na vibanda ndiyo inayopaswa kufikishwa kwenye vikao vya wananchi kabla ya jedwali la ada. Ikibaki kuwa kiambatisho cha mkataba, nathubutu kutabiri kwamba mgomo wa kwanza wa barabara hiyo hautahusu bei ya safari ya Nairobi hadi Mau Summit. Utazuka kwenye kibanda kimoja kati ya miji miwili jirani, na kupunguza ada hakutautuliza.