Kwa Nini Swichi za Nduthi za Misikhu Zimejificha

Simama stage ya Misikhu, pale barabara ya Webuye–Kitale, uangalie nduthi zilizopangwa zikingoja watu wa Naitiri na Brigadier. Achana na rangi, achana na stika. Angalia mahali mwenyewe anaingiza ufunguo. Kwa zile mpya, ufunguo uko mbele, katikati ya usukani, vile kiwanda kilitengeneza. Kwa zile zimekula miaka, jamaa anainama kwanza. Mmoja anaingiza mkono chini ya tangi. Mwingine anapapasa nyuma ya kava ya ubavuni. Mwingine hana ufunguo kabisa, ana kaswichi kadogo kama ka taa ya chumbani, na huwezi kukaona mpaka akuonyeshe.

Watu wa Nairobi wakikuja huku wanacheka. Ati nduthi za ocha zimefungwa waya kama redio ya babu. Nimeshaona hiyo joke mara nyingi, na kila nikiiona nataka kuandika hii post. Ile swichi haikuhamishwa kwa sababu fundi hajui kazi. Ilihamishwa kwa sababu mtu alikuwa anaogopa mtu. Na ukifuata ni nani alikuwa anaogopa nani, unapata historia ya hii biashara kuliko vile nilifundishwa kwa miaka yote niliyokaa darasani, na chuo niliacha, kwa hivyo hiyo miaka si mingi vile mama alitaka.

Tuanze kabla ya injini. Boda boda ilizaliwa mpakani, Busia na Malaba, miaka ya 1960 na 1970, na ilikuwa baiskeli. Kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda kulikuwa na kipande cha kutembea, watu wana mizigo, basi vijana wakaanza kubeba abiria kwa keria wakiita “boda, boda”. Jina likashuka mpaka Bungoma, Kakamega, Kisumu, na nchi nzima baadaye. Baiskeli yenyewe mara nyingi ilikuwa ile nyeusi nzito tuliyoita Black Mamba. Ulinzi wake ulikuwa mnyororo na kufuli kwa gurudumu. Hapo hakuna siri. Kufuli inaonekana, na kila mtu anajua mwenye ufunguo ni nani. Anayetaka kuiba lazima akate chuma, na chuma kina kelele.

Pikipiki zilikuwepo huku, lakini hazikuwa za raia wa kawaida. Wazee wakizungumza wanataja padre, afisa wa kilimo, mtu wa mifugo. Ni Yamaha au Honda, na kijiji kizima kinajua mlio wake. Ukiiba pikipiki ya padre, utaenda kuiendesha wapi? Kwa hivyo swichi ilikaa mahali kiwanda kiliiweka na hakuna mtu aliisumbua.

Hapa niseme kitu kidogo cha nje. Hata viwanda vyenyewe havikukubaliana swichi ikae wapi. Pikipiki za zamani kabisa hazikuwa na ufunguo. Zilikuwa na magneto, unapiga kiki, inawaka, na ukitaka kuzima unafinya kitu cha kuua moto. Honda walipotoa CB750 mwaka 1969, pikipiki iliyotingisha dunia, ufunguo wake ulikuwa ubavuni, chini ya tangi upande wa kushoto. Baadaye ukapandishwa mbele karibu na mita. Leo kuna watu Ulaya na Marekani wananunua pikipiki za zamani na kurudisha swichi chini ya tangi ama chini ya kiti ndiyo mbele ibaki safi, na wanalipa pesa mingi. Wakifanya wao inaitwa sanaa. Fundi wa Misikhu akifanya inaitwa jua kali.

Sasa turudi nyumbani, mwaka 2008. Serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo, zile zisizopita sisi 250, na bei ikashuka. Mwaka uliofuata, 2009, kiwanda cha karatasi cha Pan Paper pale Webuye kikafungwa. Kama wewe si wa huku, hujui hiyo ilimaanisha nini. Webuye yote ilikuwa inanuka kile kiwanda na inakula kutoka kwa kile kiwanda, na Misikhu ni hapa tu juu ya barabara. Wanaume waliozoea mshahara wa mwezi wakabaki na mikono. Sisemi kila mfanyakazi alinunua nduthi. Nasema tu hizo tarehe mbili zimekaa karibu sana, na ukiuliza wazee wa stage walianza lini, wengi wanataja hiyo miaka.

Nduthi zenyewe zilitoka China na India. Nyingi za Kichina zilikuwa na damu ya Honda CG125, ambayo Honda waliitoa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, mahali mtu anabeba magunia na kusahau oili. Viwanda vya China vikaichukua ile ramani na kuitoa kwa majina hata huwezi kuyahesabu. Injini ilikuwa ngumu. Swichi ndiyo ilikuwa maskini. Ukitumia mwaka mmoja miwili kwa vumbi la barabara ya miwa, ile silinda inalegea mpaka ufunguo wa jirani unafungua. Kuna wakati stage watu walikuwa wanachukua nduthi ya mwenzao kwa kosa, ufunguo umeingia, imewaka, ameenda.

Na hapa ndipo kuna kitu wengi hawajui kuhusu ufunguo wa nduthi ya aina hiyo. Tunafikiria ufunguo unapeleka umeme kwa injini, kama swichi ya nyumba, na ukitoa umeme umekatika. Si hivyo kwa nyingi za zamani. Swichi ya ukoo wa CG ina nyaya nne. Waya mwekundu unatoka kwa betri, na ukiwasha unaunganishwa na mweusi, basi taa na honi zinapata umeme. Hizo ni mbili. Zile mbili zingine zinafanya kinyume. Ukizima, waya mweusi wenye mstari mweupe unagusanishwa na wa kijani, ambao ni wa bodi, na moto wa plagi unamwagwa kwa chuma badala ya kufika kwa silinda. Kwa hivyo kwa injini, kazi ya ufunguo ni kuua moto, na plagi inapata moto wake kutoka kwa koili zilizotulia ndani ya injini, sumaku ndiyo inazizunguka. Ukielewa hiyo, unaelewa kwa nini ufunguo mzuri peke yake haukumzuia mwizi aliyejua anachofanya. Alikuwa hana haja na ufunguo wako. Ufunguo ulikuwa mlinzi anayelala ukimtoa getini.

Pia unaelewa ule ugonjwa wa nduthi kuzima ukikata kona. Nyaya za swichi ya mbele zinapita shingoni, na kila ukigeuza usukani zinajikunja. Ngozi ikichubuka, ule mweusi wenye mstari unagusa fremu na injini inakufa, halafu ukinyoosha usukani inawaka kama hakuna kitu kilitokea. Watu wamebadilisha plagi, wamefungua kabureta, wamelaumu petroli, na shida ni sentimita mbili za waya. Fundi mzuri akiona hiyo, anahamisha swichi mahali usukani hauivuti, na akiiweka ikiangalia chini, mvua ya saa kumi haiingii tundu la ufunguo. Kwa hivyo si uoga peke yake. Kuna sababu ya kifundi kabisa, na naheshimu hiyo.

Lakini uoga ndio ulilipa mafundi. Mjomba wangu, ndugu ya mama, ako stage miaka mingi, na kwake nimeona hii kitu imefanywa nikishika tochi. Swichi ya zamani haikutolewa. Iliachwa pale mbele, ikawa ya kudanganya, kwa sababu ndani yake kuna kufuli ya shingo na ukiing'oa umepoteza hiyo. Swichi mpya ikaenda mahali sitasema. Nyaya zikaongezwa, zikachomelewa kwa risasi badala ya kusokotwa tu na vidole, zikafungwa tepu, zikapitishwa mbali na egzosi. Nikamuuliza, “Khocha, nani mwingine anajua iko wapi?” Akaniangalia vile wanaangalia mtoto aliyeuliza mshahara wa mtu.

Hilo swali ni zito kuliko nilivyofikiria. Kwa sababu nduthi nyingi si za anayeziendesha. Kuna mwenye nduthi, pengine mwalimu ama mtu wa duka, na kuna kijana anayeleta hesabu jioni. Siku za baiskeli, tajiri alichukua tu baiskeli jioni. Kwa nduthi, kuna tajiri anayeweka swichi ya siri na asimwambie kijana, ndiyo siku hesabu isipokuja nduthi isitoke. Kuna kijana anayeweka yake na asimwambie tajiri, ndiyo asipokonywe nduthi asubuhi bila kuambiwa. Na kuna nduthi moja yenye zote mbili, na fundi mmoja aliyelipwa na pande zote kunyamaza. Fundi wa waya ndiye mtu anajua siri nyingi hapa Misikhu, baada ya padre.

Halafu mikopo ikaja. Unalipa depositi kidogo, unachukua nduthi mpya, unalipa kila siku ama kila wiki kwa simu. Mimi sipingi mikopo. Imefanya vijana wengi waache kupeleka hesabu kwa tajiri. Lakini nduthi ya mkopo inakuja na traka imefichwa mahali mwenye kuendesha haambiwi, na kuna traka zinazoweza kuzima moto kutoka mbali. Angalia vile mambo yamegeuka. Rider alificha swichi kutoka kwa mwizi na kutoka kwa tajiri, na sasa kuna swichi imefichwa kutoka kwake, kwa nduthi anayolipia, na anayeishika hajawahi kukanyaga Misikhu. Usiku wa kufuli, mwenye Black Mamba alijua kila kitu kinachoizuia baiskeli yake kusonga. Huyu hajui. Na akicheleweshwa na mvua ya wiki moja, hakuna mtu wa kuinamia na kuongea naye kama vile ungeongea na mwalimu.

Mjomba alichukua nduthi ya mkopo baada ya ile ya zamani kuchoka. Alimaliza kulipa mwaka jana, logbook ikabadilishwa jina, na siku hiyohiyo akaipeleka kwa fundi. Walifungua kiti, wakatoa kava, wakatafuta mpaka giza likaingia. Kile kidude walikipata kimejibanza nyuma, kimefungwa tepu nyeusi safi, kimeunganishwa kwa zilezile nyaya fundi angeshika kama angekuwa anaweka swichi ya siri. Fundi akacheka, akasema huyu aliyefunga hii ni mtu wa kazi. Halafu hakutoa ule unganisho wote. Alitoa kidude, akaacha nyaya, akaweka swichi ya mjomba palepale.

Juzi ameongeza nyingine. Ya kwanza naijua, nilishika tochi.